Na Kadi Ikitoka?

Namba iliyonifundisha kazi hii ni 0xdeadbf0f. Niliikuta kwenye skrini ya mashine ya majaribio ya biti 32, kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, imeanguka na mistari ya mwisho imeganda. Ilikuwa anwani ya kumbukumbu ambayo prosesa ilijaribu kuisoma ikashindwa. Nilikuwa na miezi michache tu tangu nikabidhiwe msimbo wa kuelekeza pakiti, vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni, katika mfumo wetu, mmoja wa mifumo ya ukoo wa BSD (mifumo ya uendeshaji iliyotokana na Unix ya Berkeley), na niliamini ninaujua kwa kuwa nilikwisha kuusoma wote mara mbili, kalamu mkononi.

Kerneli yetu ikijengwa kwa ajili ya majaribio hujaza kila kipande cha kumbukumbu kinachoachiwa kwa tarakimu deadbeef, za hesabu ya msingi wa kumi na sita, zikirudiwa tangu mwanzo hadi mwisho, ili yeyote atakayekigusa baada ya hapo akamatwe. Toa 0xdeadbeef katika 0xdeadbf0f, inabaki 0x20, yaani 32. Kisa chote kilikuwa ndani ya namba ile. Kuna mahali msimbo uliisoma njia, yaani rekodi inayosema pakiti za anwani fulani zipitie wapi, iliyokwisha kuachiwa, ukachukua humo kile ulichodhani ni pointa (anwani ya kumbukumbu) ya intafesi, mlango wa mashine kwenye mtandao, ukapata deadbeef, ukaifuata hivyo hivyo kutafuta uga ulio baiti 32 mbele. Nilifungua faili lenye muundo wa intafesi nikahesabu baiti kwa ncha ya kalamu, uga baada ya uga. Pale penye 32 palikuwa na bendera zinazosema kama intafesi iko hai. Swali la uhai lilikuwa limeulizwa kwa kitu kilichokwisha kuondoka.

Sababu niliijua papo hapo, kwani ni mimi niliyeifanya. Sekunde chache kabla nilikuwa nimechomoa kadi ya mtandao ya USB huku pakiti zikiendelea kutoka.

Wiki kadhaa nyuma, mzee wetu mmoja katika mradi, aliyeutunza msimbo huu kabla yangu, alinirudishia kiraka changu cha kwanza kikubwa, yaani badiliko nililopendekeza kwenye msimbo, kikiwa na swali moja tu: "Na kadi ikitoka?" Nilimjibu kwa heshima na kwa uhakika kwamba ikitoka, mzee, njia zake zote zinafutwa kwenye jedwali. Akaniandikia: "Jedwali nimelielewa. Nimekuuliza habari za aliyekwisha kuishika." Nilidhani anarudia jambo lile lile kwa maneno mengine. Mbele ya skrini ile ndipo maneno yake yaliponiingia. Njia kutoka kwenye jedwali ni jambo moja, na njia kutoka mikononi mwa walioichukua ni jambo jingine kabisa. Karibu kazi yangu yote tangu siku ile imekuwa katika hilo la pili.

Ukimwambia mtu kwamba unatunza msimbo wa uelekezaji, atakuuliza kuhusu utafutaji. Si ajabu, maana ndiyo sehemu yenye sura nzuri. Pakiti inaingia ikiwa na anwani ya mwisho wa safari yake, tuseme 10.1.2.7. Jedwali lina njia ya 10.0.0.0/8 (namba baada ya mkwaju ni idadi ya biti za mwanzo zinazopaswa kulingana), lina ya 10.1.2.0/24, lina na ile ya jumla, 0.0.0.0/0, inayompokea kila asiye na mwenyewe. Zote tatu zinaifaa, ila inayoshinda ni yenye biti nyingi zaidi zinazolingana, kwa hiyo ni ya /24. Swali hilo huulizwa kwa kila pakiti, na ruta yenye kazi hupitisha pakiti mamilioni kwa sekunde, dhidi ya jedwali la intaneti nzima ambalo kwa IPv4 peke yake sasa lina njia zaidi ya 900,000.

Watu wenye vichwa vizuri wamelitolea jasho swali hilo kwa zaidi ya miaka arobaini. 4.2BSD ya mwaka 1983 ilikuja na majedwali mawili ya hashi, moja la mashine mojamoja na jingine la mitandao. Mwaka 1990, 4.3BSD-Reno ikaleta mti wa radiksi wa Keith Sklower wa Berkeley, na mti huo ukaota mizizi katika ukoo mzima. Linux ilipata LC-trie, aina nyingine ya mti, katika toleo 2.6.13 la mwaka 2005. OpenBSD iliuweka kando mti wa radiksi ikahamia muundo uitwao ART. FreeBSD 13 ya mwaka 2021 huchagua yenyewe kanuni ya kutafuta kwa kuangalia ukubwa wa jedwali, nayo ikiwa inaendelea na kazi.

Naipenda sehemu hiyo na nawaheshimu walioijenga. Lakini utafutaji una jibu moja sahihi, na jibu hilo linapimika. Unaandika mtafutaji wa kijinga anayepitia orodha yote mstari kwa mstari, unamweka kando ya yule mwenye kasi, unawauliza wote wawili anwani milioni moja za kubahatisha. Wakitofautiana, unajua nani kakosea na wapi. Nikizikumbuka hitilafu zilizonikosesha usingizi, za utafutaji hazizidi mbili. Zilizobaki zote zilikuwa za kuachia, na kuachia hakupimiki hivyo, kwa sababu jibu hutegemea nani yuko wapi kwa sekunde hiyo.

Hebu tazama nani anaweza kuwa ameishika njia moja kwa wakati mmoja. Kuna mti wenyewe. Kuna pakiti iliyokwisha kuelekezwa lakini haijafika kwenye foleni ya kadi. Kuna soketi ya TCP, ncha ya mawasiliano ya programu, iliyoiweka njia pembeni ili isitafute upya kwa kila pakiti. Kuna njia nyingine ambayo lango lake, yaani ruta inayofuata, hufikiwa kupitia hii, kwa hiyo imeifunga kiunoni. Kuna kipima muda kinachosubiri kuifuta. Kuna programu ya mtumiaji iliyoomba kunakiliwa jedwali zima, na katikati ya kunakili ukurasa wake wa kumbukumbu ukakosekana, hivyo kerneli imelala ikiungoja, mkono ukiwa bado juu ya njia.

Hata mti si mshikaji mnyoofu. Katika mti wa Sklower, muundo wa kila njia umebeba vifundo viwili mwanzoni kabisa, kimoja cha jani na kimoja cha tawi. Kile cha tawi hutumika popote mti unapokihitaji, wala si lazima kiwe karibu na jani la njia yake. Kwa hiyo unaweza kulifuta jani na bado kifundo cha tawi kilichomo ndani ya njia hiyo hiyo kikawa kimeshikilia matawi ya watu wengine. Msimbo wa kufuta hulijua hilo, huhamisha tawi kwenye kifundo kingine kabla ya kuiachia njia. Nilipoifika sehemu hiyo mara ya kwanza niliona ni kurasa za kuchosha, nikapita haraka. Mara ya tatu nilikaa nayo siku mbili na karatasi, nikichora mti wa njia tano na kuzifuta moja moja kwa mkono, na mpaka leo kila anayejiunga nasi namwomba afanye vivyo hivyo. Hakuna maelezo yanayoweza kuchukua nafasi ya kuiona kwenye karatasi ile tawi likihama nyumba.

Dawa ya kwanza ya haya ni ya zamani: hesabu ya washikaji. Kila anayeichukua njia anaongeza moja, kila anayeimaliza anapunguza moja, ikifika sifuri inaachiwa. Kwa maneno ni rahisi. Tabu ni kwamba hesabu inategemea uaminifu wa kila mlango wa kutokea katika kila fankisheni, na milango ni mingi kuliko unavyodhani.

Mtumiaji mmoja alituletea taarifa ya mashine iliyokuwa ikienda vizuri wiki kadhaa, kisha inaishiwa kumbukumbu. Nilimwomba anipe matokeo ya amri mbili. Ya netstat, inayoorodhesha jedwali, ilionyesha njia arobaini na kitu. Ya vmstat, inayohesabu kumbukumbu za kerneli, ilionyesha mstari wa kumbukumbu za njia ukiwa na makumi ya maelfu, na kila alipoirudia amri ulikuwa umepanda kidogo. Maana yake kulikuwa na njia ambazo hazimo kwenye jedwali, hazitumiki na yeyote, na bado hesabu ya washikaji wake haikuwa sifuri. Zilikuwa zimeshikwa na mtu aliyekwisha kuondoka bila kufungua mkono.

Nilimtafuta kwa siku nne. Nilipanda rekodi ndogo katika kila ongezeko la hesabu, ikiandika namba ya mstari wa msimbo ulioongeza, nikamtumia kerneli hiyo aiendeshe usiku. Asubuhi namba moja ya mstari ilikuwa imezifunika zote. Ilikuwa ndani ya msimbo unaopokea ujumbe wa ICMP wa kuelekeza upya, ule ambao ruta humwambia mtumaji, "kwa safari hiyo pitia kwa mwenzangu." Msimbo uliitafuta njia ya sasa, ukahakikisha kwamba aliyetuma ujumbe ndiye kweli lango la njia hiyo, na kama siye, ukatoka kwenye fankisheni kwa return pale pale, njia ikiwa bado mkononi. Kwenye mitandao mingi ujumbe wa aina hiyo haufiki kabisa. Kwenye mtandao wake kulikuwa na kifaa kilichopangwa vibaya kilichokuwa kikiutuma kila baada ya sekunde chache.

Kiraka chenyewe kilikuwa mstari mmoja. Nilichofanya baadaye ndicho kilichochukua miezi. Nilipita fankisheni zote zinazoshika njia nikaondoa kila return ya katikati, ili matawi yote yaruke hadi mlango mmoja mwishoni, na mkono ufunguliwe hapo tu. Baadhi ya wenzangu waliona naharibu mtindo wa msimbo, na ni kweli goto nyingi, amri hizo za kuruka, hazipendezi machoni. Nilishikilia msimamo na bado naushikilia. Msomaji anayetaka kujua kama njia imeachiwa aangalie mahali pamoja, asilazimike kufuata matawi kumi na moja akiwa amechoka.

Kisha prosesa ziliongezeka, na hesabu nayo ikawa mzigo. Msimbo huu ulizaliwa wakati kerneli nzima ilikuwa chini ya kufuli moja, prosesa moja tu ikiingia kwa wakati. Ukishalifungua kufuli hilo ukaruhusu prosesa nane zitafute njia kwa pamoja, zote nane zinagombania kuandika hesabu ya njia ile ile ya jumla, 0.0.0.0/0, na mstari wa kache, kumbukumbu ya haraka ya prosesa, wenye hesabu hiyo unarushwa kutoka prosesa hadi prosesa kama mpira. Tulipima tukaona kwamba kuongeza prosesa kulikuwa kunapunguza kasi. Utafutaji wenyewe ulikuwa mwepesi, lakini kuandika "nimeshika" na "nimeachia" ndiko kulikokula muda.

Suluhisho ambalo mifumo mingi imeliendea, kila mmoja kwa jina lake, RCU kwa Linux, epoch kwa FreeBSD, SMR kwa OpenBSD, ni kuacha kumhesabu msomaji. Msomaji anaingia, anasoma, anatoka, haandiki chochote kwenye njia. Anayefuta ndiye anayebeba subira. Kwanza anaitoa njia kwenye mti ili asipatikane msomaji mpya wa kuiona. Kisha anangoja mpaka kila prosesa iwe imepita mahali ambapo haiwezi tena kuwa imeishika. Hapo ndipo anaiachia kumbukumbu. Kati ya kutoa na kuachia kuna muda ambao njia imo katika hali ya tatu: haimo kwenye jedwali, na bado inafanya kazi halali kwa waliowahi kuichukua.

Muda huo wa katikati ndio ninaoufikiria nikisoma kiraka chochote. Mwandishi mpya huwa na hali mbili kichwani, ipo au haipo. Ukimwonyesha kwamba kuna ya tatu, na kwamba pakiti inaweza kutoka kupitia njia iliyofutwa nukta chache zilizopita bila mtu kukosea, anabadilika namna anavyoandika. Pia anaacha kuahidi yasiyowezekana. Mtu aliyefuta njia kwa amri ya route hana haki ya kudai kwamba baada ya amri kurudi hakuna pakiti hata moja itakayopita humo. Ana haki ya kudai kwamba hakuna itakayosoma kumbukumbu iliyoachiwa.

Kwa upande wa intafesi tulijaribu ujanja mwingine. Badala ya njia kushika pointa ya kadi, ishike namba ya kadi tu, na kila inapotaka kuitumia iulize orodha, "namba 4 yupo?" Kadi ikiwa imeondoka, jibu ni hapana, pakiti inatupwa, hakuna kinachoanguka. OpenBSD nayo inafuata njia hiyo, na ni nzuri. Lakini tulikuwa tukigawa namba ya chini kabisa iliyo wazi. Ukichomoa kadi namba 4 ukachomeka nyingine, nayo inaitwa 4. Aliyekuwa ameshika namba ya marehemu sasa anapata jibu la ndiyo, na pakiti zake zinatoka kwa mgeni. Hakuna kuanguka, hakuna deadbeef, hakuna mstari wa kosa popote. Kwangu hilo ni baya kuliko kuanguka, kwa sababu trafiki ya mtu imepita waya ambao hakuuchagua. Sasa tunazungusha namba ili iliyoachwa ichelewe sana kurudi.

Mahali ambapo namba hizo zilijificha zaidi ni katika IPv6, toleo jipya la anwani za intaneti. Msimbo wa IPv6 wa ukoo wa BSD ulitoka katika mradi wa KAME, uliofanyika Japani kuanzia mwaka 1998 hadi 2006, na tunawadai shukrani kubwa. Anwani za fe80, zinazotumika ndani ya waya mmoja tu, hazina maana bila kujua ni za waya gani, kwa hiyo KAME waliiandika namba ya intafesi ndani ya anwani yenyewe, katika baiti ya tatu na ya nne, ambazo kwa kawaida ni sifuri. Ndani ya kerneli fe80::1 ya intafesi 4 huwa fe80:4::1. Ikitoka nje husafishwa. Siku moja mtumiaji alituonyesha jedwali lake likiwa na fe80:4::1 waziwazi, kwa kuwa tawi moja la msimbo lilisahau kusafisha, na alichouliza kilikuwa sahihi kabisa: mashine yake haikuwa tena na intafesi namba 4. Kwa miaka tulikuwa tukiwatafuta walioishika kadi kwa pointa na kwa namba, kumbe kulikuwa na wanaoishika ndani ya herufi za anwani.

Washikaji wa mwisho, na ndio wagumu kuliko wote, wako nje ya kerneli. Ni programu. Tangu Reno, programu za BSD huzungumza na jedwali la njia kupitia soketi ya aina ya pekee: unaandika ujumbe wa kuongeza au kufuta, na unasoma ujumbe wa kila kinachobadilika. Ujumbe unaanza na baiti mbili za urefu, baiti ya tatu ni ya toleo, ya nne ni ya aina. Ile ya tatu niliipuuza mara moja. Nilipanua kichwa cha ujumbe, nikapandisha namba ya toleo kama inavyotakiwa, nikajenga kerneli mpya kwenye seva iliyokuwa mbali nami, nikaiwasha upya kabla ya kujenga programu zinazoendana nayo. Kerneli iliwaka vizuri. Amri ya route, ya zamani, ikapeleka ujumbe wa toleo la zamani, kerneli ikaukataa, na seva ikakaa bila njia ya jumla. Ilikuwa nzima, inapumua, na hakuna aliyeweza kuifikia. Ilibidi aliye karibu nayo aende akae mbele yake na kibodi. Tangu hapo, badiliko lolote la ujumbe huo huja na kipindi ambacho kerneli inaelewa matoleo yote mawili, na ninajenga vyote pamoja, bila haraka.

Kuna jambo dogo katika ujumbe huo ambalo limewatesa waandishi wengi wa programu, nami nataka kulieleza kwa kuwa sijui mahali panapolieleza kwa Kiswahili. Anwani zinafuatana ndani ya ujumbe, kila moja ikianza na baiti ya urefu wake. Maski ya mtandao, inayoonyesha biti zipi za anwani zilinganishwe, nayo imo, lakini mti wa radiksi huikata sifuri za mwisho. Maski ya /24 inakuja na urefu 7: baiti nne za mwanzo, kisha tatu za 255, basi. Ya /8 inakuja na urefu 5. Na maski ya njia ya jumla, ambayo yote ni sifuri, inakuja na urefu 0. Programu inayosogea mbele kwa kujumlisha urefu itabaki pale pale, isome maski hiyo tena kama anwani inayofuata, na kuanzia hapo kila kitu kimehama. Urefu 0 bado unachukua nafasi, sawa na ukubwa wa long kwenye mifumo mingi: baiti 4 kwa mashine za biti 32, 8 kwa za biti 64. Nimekutana na programu zilizoandika 4 kwa mkono, zikafanya kazi miaka mingi, zikavunjika siku mwenyewe alipobadilisha mashine.

Je, tuzinyooshe maski ziwe na urefu kamili? Nimeulizwa mara nyingi, na moyo wangu ungependa. Lakini kila programu iliyoandikwa kwa uangalifu, ikijua kuhusu 7 na 5 na 0, nayo imetushika. Hatuna hesabu ya washikaji wa aina hiyo. Haiwezekani kungoja mpaka kila mmoja apite, kwa sababu hatumwoni akipita.

Ndiyo maana niliangalia kwa makini sana mwaka 2012 Linux ilipoondoa kache yake ya njia za IPv4, hifadhi ya majibu ya utafutaji uliokwisha kufanyika, katika toleo 3.6. Kache ile ilikuwa sehemu ya msimbo kwa miaka mingi na iliharakisha kazi kwa trafiki ya kawaida. Udhaifu wake ni kwamba aliye nje ya mashine ndiye aliyeamua kiingie nini: akituma pakiti za anwani nyingi tofauti, anaijaza takataka na kuilazimisha kerneli ijisafishe badala ya kuelekeza. Utafutaji kwenye mti ulipokuwa umeharakishwa vya kutosha, wakaitoa. Kwetu fundisho lilikuwa mpangilio wa kazi: mbadala ulitengenezwa kwanza, ukapimwa kwanza, na kuondoa kukaja mwisho.

Tulifanya hivyo tulipoondoa maski zenye mashimo. Mti wa zamani ulikubali maski ambazo biti zake haziungani, kwa mfano 255.0.255.0, na ili kuzikubali ulibeba orodha za maski kwenye matawi na msimbo wa kurudi nyuma wakati wa kutafuta. Tulianza kwa kuandika onyo kwenye logi kila inapoongezwa maski ya namna hiyo, bila kuzuia. Tukasubiri matoleo mawili. Mtu mmoja alijitokeza, ana mpango wa anwani wa miaka mingi unaotegemea jambo hilo, naye alieleza kwa upole na kwa undani. Tulimsaidia kuuandika upya kwa maski za kawaida, njia tatu zake zikawa ishirini na nne, akaziendesha kwa mwezi akaridhika. Ndipo tulipofuta.

Majaribio yetu siku hizi yanaendana na hofu zangu, sioni aibu kusema. Tunaunda intafesi mbili za kubuni zilizounganishwa kama waya, kila moja katika jedwali lake, tunamwaga pakiti upande mmoja, na wakati huo huo mchakato mwingine unaongeza na kufuta njia bila kupumzika, wa tatu unanakili jedwali zima, wa nne unaziharibu intafesi na kuziunda upya. Yanakwenda usiku kucha. Asubuhi naangalia mambo mawili: kama mashine imesimama, na kama hesabu ya njia kwenye kumbukumbu inalingana na ya kwenye jedwali. Ikizidi hata kwa moja, siku hiyo sifanyi kazi nyingine.

Kwa soketi za TCP tumeacha kabisa kushika njia. Soketi inaweka jibu lake pamoja na namba ya kizazi cha jedwali, na jedwali likibadilika kizazi kinapanda. Kabla ya kutuma soketi inalinganisha namba mbili, zikitofautiana inatafuta upya. Kwenye ruta kubwa ambayo jedwali lake hubadilika kila dakika mara nyingi, hilo linamaanisha kutafuta mara nyingi, na nimelikubali kwa kuwa mashine za namna hiyo hazina soketi nyingi za kwao wenyewe.

Imebaki ile ya kunakili jedwali, inayolala mkono ukiwa juu ya njia. Kiraka ninacho, kinanakili kwanza ndani ya kerneli kisha kinapeleka nje kikiwa hakijashika kitu. Kwa jedwali la njia chache kinakwenda vizuri. Kwa jedwali la intaneti nzima kinataka kumbukumbu nyingi kwa mkupuo mmoja, na mashine ndogo hazina. Ninajaribu sasa kulipeleka kwa mafungu, njia mia moja mia moja, nikikumbuka anwani ya mwisho badala ya njia ya mwisho, ili hata njia hiyo ikifutwa katikati nijue pa kuendelea. Usiku wa jana jaribio lilikwenda saa sita bila kuanguka, lakini fungu moja lilirudia njia mbili ambazo lilikuwa limekwisha kuzitoa.